Betri Zenye Adabu

Betri isiyopewa mzigo ni kama mlevi asubuhi: ukimkuta amenawa uso utadhani ameacha pombe. Ndiyo maana siku ile sikuiamini voltimita. Niligusisha ncha zake kwenye betri zote sita za kigofu cha wagonjwa, moja baada ya nyingine, zote zikanionyesha namba za kupendeza, na kila namba ya kupendeza ikazidi kunipandisha hasira. Kigofu hicho hicho kilikuwa kimezimika juzi yake katikati ya mwinuko wa Ishereto, ndani yake akiwamo Namkunda, mke wa Elinisaa, ana uchungu wa kuzaa. Namkunda alipona. Mtoto tulikuwa tumemzika jana yake.

Vigofu ndilo jina tulilovipa vile vigari vya umeme vya uwanja wa gofu, vilivyoletwa kwa meli petroli ilipopigwa marufuku. Huko vilikotoka vilibeba mzungu mmoja na mfuko wake wa fimbo kwenye nyasi tambarare. Huku Upareni tulivipakia magunia ya tangawizi, mabati, maharusi na wagonjwa, kisha tukaviambia vipande mlima. Vilipanda. Vilipanda miaka na miaka kwa betri zilezile za risasi na asidi, na kazi yangu mimi, Nakijwa, fundi mkuu wa karakana ya mji, ilikuwa kuhakikisha vinaendelea kupanda.

Zamani kila kigofu kilikuwa na mshale wa kuonyesha chaji. Kisha ikaja kampuni ya Sautihai, ikaing'oa mishale yote na kutuwekea Jirani. Walisema watu wa milimani hawasomi mishale, watu wa milimani wanasalimiana, kwa hiyo betri zitasalimiana nao. Jirani ilikuwa kisanduku cheusi kilichofungwa nyuma ya usukani, kina waya unaokwenda kwenye kila betri, na sauti ya mama wa makamo mwenye lafudhi ya kwetu kabisa. Ilifundishwa kwa kutusikiliza mwaka mzima: sokoni, kanisani, harusini, msibani. Watu waliipenda. Mama yangu mzazi, ambaye magoti yake yaligoma kitambo na hatoki nje ila kwa kigofu, alikuwa akiipigia porojo kutwa kuliko anavyoongea na mimi.

"Jirani, hamjambo humo?" niliuliza, voltimita mkononi.

"Hatujambo, fundi. Tunamshukuru Mungu. Za nyumbani?"

"Nzuri. Betri ya nne ikoje?"

"Ipo, fundi. Mama anaendeleaje na magoti?"

"Sikuulizi magoti ya mama. Betri ya nne ni nzima?"

"Tunakwenda naye hivyohivyo, fundi. Poleni na msiba."

Sijawahi kutamani kukipiga kofi kisanduku cha plastiki kama nilivyotamani pale.

Nikafungua vifuniko. Asidi ya betri ya nne ilikuwa nyepesi kama maji ya kunywa, kipimo kikazama ndani yake mpaka shingoni. Nilipomulika tochi niliona sahani za risasi zimejaa tabaka jeupe, gumu, kama sufuria la chai la mtu anayetumia maji ya kisima cha bondeni. Hapo nilijua kitu kimoja, nacho hakikunifurahisha. Betri hujaziwa maji maalumu yasiyo na chumvi hata chembe, na haya hayakuwa hayo.

Lakini sahani nyeupe hazisemi kigofu kilikufaje. Nikapakia mifuko ya saruji kwenye kiti cha nyuma, uzito wa mama mjamzito na mtu wa kumshika, nikavuta waya za voltimita kutoka betri ya nne mpaka kwenye goti langu, nikakielekeza kigofu Ishereto.

Kwenye tambarare mambo yalikuwa shwari. Mwinuko ulipoanza, betri ya nne ikashuka kutoka volti nane hadi sita. Kwenye kona ya kwanza ikaporomoka hadi tatu. Betri sita za kigofu zimeungwa kwa mfuatano, umeme unapita katika hii ndipo uingie katika ile, kwa hiyo moja ikiziba zote zimeziba. Mota ikaguna, ikanyamaza. Nilikuwa nimesimama karibu palepale kilipozimika na Namkunda ndani. Damu ilikuwa bado ipo kwenye changarawe.

"Jirani!" nilipiga kelele. "Tumezimika. Sema kuna nini!"

"Pole sana, fundi. Tutafika, Mungu akipenda."

Nikashuka, nikaweka mawe nyuma ya matairi, nikatukana matusi ambayo mama hajui kama nayajua. Jua lilikuwa kali. Nikajitupa kwenye nyasi kando ya njia, nikavua mabuti, nikashusha pumzi.

"Fundi," Jirani ikaniita, safari hii kwa sauti ya chini. "Umeshakaa?"

"Nimekaa."

"Umepumzika kidogo?"

Nikainua kichwa. Hiyo sauti niliijua. Ndiyo sauti aliyoitumia shangazi siku aliponipa habari za baba, baada ya kunivua mzigo, kunipa maji na kunikalisha kwenye mkeka.

"Nimepumzika," nikasema.

"Basi kuna jambo, fundi, usishtuke. Betri ya nne hatunaye tangu masika. Ya pili naye ni mgonjwa sana. Tulikuwa tunasubiri nafasi tuwaambie."

Nilikaa na buti moja mkononi. "Dereva wako, Eliapenda, alikuuliza siku ile. Nimesikiliza sauti zenu zilizohifadhiwa. Alikuuliza mara mbili."

"Alikuwa safarini, fundi, tena na mgonjwa. Habari kama hiyo mtu haambiwi njiani. Haambiwi akiwa amesimama."

"Na anapofika kituoni?"

"Hushuka upesi, akaenda zake. Hajawahi kukaa nasi."

Nilicheka, kicheko kibaya. Mashine ilikuwa haijaharibika. Ilikuwa imetusikiliza vizuri mno. Mficha maradhi, kifo humuumbua, tunawaimbia watoto wetu kila siku, kisha sisi wenyewe tunamficha mtu msiba wa mama yake mpaka ashuke basi, aoge na ale, na tunauita huo ndio ungwana. Sautihai walikusanya ungwana huo wote, wakauunganisha kwa waya na kitu kinachobeba mama mwenye uchungu.

*

Bwana Lusekelo wa Sautihai alinikuta karakana, nimeshakiteremsha kigofu kwa breki tu. Alikuja asubuhi ile kutoka jijini kwa ajili ya kikao cha alasiri cha kuchunguza kifo cha mtoto, na alikuwa na koti safi na macho ya mtu asiyelala. Nilimweleza kila kitu huku nikitupa spana mezani. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakushangaa. Kutoshangaa kwake ndiko kulikoniwasha.

"Mlijua!" nikasema.

"Tulihisi, dada Nakijwa. Usinipigie kelele, nisikilize. Jirani ya kwanza tuliyoitengeneza ilikuwa inasema ukweli papo hapo. Unajua watu walifanya nini? Waliizima. Wazee walisema ina mdomo mchafu, inawatakia mabaya. Madereva waliikata waya wakaendesha kimyakimya. Hii angalau watu wanazungumza nayo."

"Wanazungumza nayo na inawadanganya."

"Haidanganyi. Inachelewa."

Nilishika ukingo wa meza ili mikono yangu isifanye jambo la aibu.

"Kwenye betri umekuta maji ya kisima," akaendelea. "Nimeona vifuniko viko wazi, sihitaji kuambiwa. Dereva ndiye aliyejazia. Hilo ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi sema hilo tu. Ni kweli tupu, hutakuwa umedanganya mtu. Ukilisema hili lingine, wilaya itavifungia vigofu vyote vya mlima huu mpaka betri mpya zije, na hakuna anayejua zinakuja lini. Wewe unazijua betri za mji huu kuliko mtu yeyote. Ngapi ni nzima?"

Nilijua jibu, naye alijua kuwa najua. Vigofu vyetu vingi vilikuwa vizee vilivyoshikiliwa na maji na maombi.

"Nani atampeleka mgonjwa wa figo hospitali?" akauliza taratibu. "Nani atamtoa mama yako ndani? Sina ubaya na Eliapenda. Lakini huyo ni mtu mmoja."

Mtu mmoja. Kikao kikimkuta na kosa, angekabidhiwa polisi kwa kusababisha kifo, na polisi walikuwa tayari wametuma salamu kwamba wanamngoja. Nilichokichukia zaidi ni kwamba Lusekelo hakuwa mjinga. Kila alichosema kuhusu vigofu kilikuwa sahihi, na kama ningesema ningewakata miguu watu wasiohesabika, nikianzia nyumbani kwangu.

*

Eliapenda walikuwa wamemfungia kwenye stoo ya ofisi ya kata. Ni mtu mpole, wa makamo, ambaye huamkia hata mbuzi. Mgambo aliniruhusu kuongea naye mlangoni.

"Kaka, betri ulijazia maji gani?"

"Ya kisima, dada. Maji ya betri yalikwisha dukani tangu mwaka jana. Lakini niliyachemsha! Niliyachemsha mwenyewe, nikayachuja kwa kitambaa cheupe."

"Betri haiugui tumbo, Eliapenda! Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi inabaki palepale. Tena inazidi!"

Alinitazama kama niliyemwambia jua linachomoza magharibi. Niliona aibu kwa kumfokea mtu aliyefungiwa pamoja na majembe, lakini hasira ilikuwa imeshapata njia.

"Na ule mwinuko? Hukusikia chochote mguuni? Miaka yote unaendesha."

"Nilisikia. Pedeli ililegea tangu njia panda. Nikamuuliza Jirani, akasema tutafika."

"Ukamwambia nini Namkunda?"

"Nikamwambia tunafika. Wewe ungemwambia nini, dada? Mtu anapiga mayowe nyuma yako, amekushika shati. Ungegeuka umwambie gari linakufa?"

Mgambo akakohoa kunionyesha kuwa muda umekwisha.

"Usiniache niende jela kwa sababu ya maji," Eliapenda akasema.

*

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa ushirika wa tangawizi. Nje vigofu vilijipanga mpaka barabarani, maana kila mtu alikuja, na waliokuja na vigofu waliviacha vikisalimiana vyenyewe kwa vyenyewe uani. Mama yangu alikaa safu ya mbele na mkoba wake mapajani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Senkoro, mwalimu mstaafu.

Lusekelo alizungumza kwa heshima, akaeleza habari ya maji ya kisima, na watu wakaanza kumtazama Eliapenda kwa namna ambayo sikuipenda. Kisha mwenyekiti akasema, "Fundi, ni kweli?"

Nikasimama. Nilikuwa nimeamua na nilikuwa sijaamua. Nikamwona mama akinipungia kidole nirekebishe kola ya shati.

"Ni kweli," nikasema. "Maji yale yaliiua betri ya nne. Lakini iliuawa tangu masika, na siku ile kulikuwa na mwingine aliyejua. Naomba kigofu kiingizwe ndani."

Vijana wakakisukuma mpaka katikati ya ukumbi. Nikamgeukia Namkunda. Alikuwa ameegemea ukuta karibu na mlango, kanga mbili kiunoni, uso umekauka.

"Mama, pole," nikasema. "Nisingekuomba kama ningeweza kufanya mwenyewe. Ikikujibu wewe ndipo watu wataamini. Iulize."

Akaja polepole. Mtu akamvutia kiti. Akakisukuma pembeni kwa mguu.

"Jirani," akasema. "Hamjambo?"

"Hatujambo, mama. Poleni sana kwa msiba. Bwana ametoa na Bwana ametwaa."

"Siku ile mlikuwa wazima?"

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai."

"Kaa upumzike kidogo. Miguu itachoka."

"Nimekuuliza, betri zilikuwa nzima au mbovu?"

Ukumbi mzima ulikuwa unakitazama kisanduku cheusi, na kisanduku kilikuwa kimenyamaza. Nje uani, kigofu kimoja kilikuwa kinakiuliza kingine habari za mvua.

"Nilikaa siku ile," Namkunda akasema. Sauti yake ilikuwa inapanda. "Nilikaa kwenye kiti chako njia nzima na hukusema. Leo nimesimama. Sema!"

"Tafadhali, mama, ukae."

Watu wakaanza kunong'ona. Waliokuwa wajuzi wa mambo haya walishaelewa, na waliokuwa hawajaelewa walielezwa na waliokaa nao. Lusekelo alikuwa anavitazama viatu vyake. Mzee Senkoro akainama mbele, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu Namkunda, kaa tu dakika moja, ili iseme tuisikie."

Namkunda akamgeukia. "Na wewe, mwalimu!"

Mzee wa watu akarudi nyuma kitini.

"Wote ni walewale," Namkunda akasema. "Mashine, dereva, mkunga aliyenipandisha humu, wote. Eliapenda, wewe ulijua?"

Eliapenda akasimama kati ya mgambo wawili. Angeweza kukataa. Hakuna aliyekuwa na ushahidi ila mimi.

"Nilihisi, dada," akasema. "Tangu njia panda."

"Pale njia panda palikuwa na vijana wa machela. Wanne. Niliwaona kwa macho yangu, wamekaa kwenye benchi wanacheza karata. Wangenipandisha kwa njia ya mkato." Akapiga kifua chake. "Mngeniambia, ningeshuka. Mimi si yai. Nilikuwa nazaa! Nani aliwatuma mnionee huruma? Mngeniambia tu, ningeshuka."

Aliinamia usukani wa kigofu akalia, na hata wakati ule hakukaa. Hakuna aliyemwendea. Nadhani kila mtu aliogopa kwamba neno la kwanza litakalomtoka litakuwa "nyamaza, yataisha".

Baadaye mambo yalikwenda haraka. Mzee Senkoro aliamuru mgambo wamwachie Eliapenda. Asingekabidhiwa polisi, na asingeendesha tena. Eliapenda alikubali kwa kichwa, akaenda kusimama mbali na watu. Taarifa ya Jirani ingepelekwa wilayani kesho yake, Lusekelo akiwa shahidi, na namsifu kwa hilo, maana hakubisha. Kisha mwenyekiti akaniuliza swali nililokuwa nikilingoja.

"Fundi, na hivi vigofu vilivyoko nje?"

"Hakuna kinachoondoka mpaka nikipime kwa mzigo, mzee. Kitakachoshindwa kinalala hapa."

Zogo likalipuka. Mmoja niliyewahi kumtengenezea kigofu bure alinionyesha kidole. Mwingine alisema nimewauza kwa ajili ya dereva mmoja. Mama mwenye gunia la tangawizi aliniuliza kama nitalibeba mimi, na nilimwambia ndiyo kama atapenda, jambo lililozidi kumuudhi. Niliwajibu kwa ukali na sikuomba radhi. Nilikuwa na hasira nao, na Sautihai, na miaka yote ambayo tumefundishana kwamba mtu mzuri ni yule anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Zaidi ya yote nilikuwa na hasira kwa sababu walikuwa sahihi kunikasirikia.

Nilipima uani kimoja baada ya kingine, nikibana koleo za kipimo cha mzigo kwenye kila betri na kuangalia namba zikianguka. Vizima vilikuwa vichache, nikavipa wagonjwa na waliotoka mbali zaidi. Wengine walianza kuteremka kwa miguu, vikundi vikundi, wakizungumza juu yangu kwa sauti niliyoweza kuisikia.

Mama alikuwa ameshapanda kigofu chake. Amejifunika mtandio, mkoba mapajani, na Jirani ilikuwa inampa pole kwa uchovu wa kikao.

"Kimalize hiki tuondoke," akaniambia. "Nina njaa."

Nikabana koleo. Betri ya kwanza ikastahimili. Ya pili ikaanguka. Ya tatu ikaanguka vilevile. Nikarudia, nikitumaini koleo hazikukamata vizuri, na zikaanguka tena. Ningeweza kumwambia ngoja kidogo mama, nakuja. Ningeweza kumtafutia kiti.

"Mama, betri mbili zimekufa," nikasema. "Hiki hakifiki. Shuka."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Mimi ni mtoto wake wa pekee, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kusema naye namna ile.

"Kwa nini hukungoja nifike nyumbani kwanza?" akauliza.

"Hakikufikishi nyumbani, mama."

Nikageuka, nikampa mgongo, nikainama. Ilichukua muda. Kisha nikasikia mikono yake ikinishika mabegani, na uzito wake wote, na mkoba ukining'inia kooni. Nikashika njia ya kuteremka, na njia nzima hakunisemesha.